Bulul: kusoma ukoko kabla ya kulipa, na kuutunza baada ya hapo

Bulul ni sanamu ya mbao yenye umbo la mtu, ambayo Waifugao wa milima ya Cordillera, kaskazini mwa kisiwa cha Luzon huko Ufilipino, huiweka ghalani ilinde mpunga. Mchongaji akimaliza kazi yake bado hakuna bulul, kuna gogo lililochongwa vizuri. Inakuwa bulul pale mumbaki, kuhani wa jadi, anapoifanyia ibada: hukariri habari za Humidhid, ambaye masimulizi humtaja kuwa mchongaji wa kwanza, hutoa pombe ya mchele iitwayo bayah, na sanamu huoshwa kwa damu ya nguruwe. Tangu hapo, msimu wa mavuno ukifika hukumbukwa tena kwa damu na sadaka, kisha hurudi kwenye ulinzi wake. Damu, mafuta, moshi wa jiko na mikono ya watu hugandamana mwaka hadi mwaka, mpaka ukoko mweusi unaishika mbao kama ukoko wa wali unavyoshika sufuria.

Ukoko huo ndio cheti cha bulul. Muuzaji anaweza kukuambia umri wowote autakao, lakini ukoko una mpangilio wake, na kuughushi vizuri ni kazi ngumu. Ndiyo maana pia kosa kubwa la mtu aliyepata bulul ni kuisafisha.

Kwanza, hakikisha ni bulul

Si kila mtu wa mbao kutoka Ifugao ni bulul. Hipag ni sanamu ndogo zinazohusishwa na miungu ya vita. Kinabigat ni nguzo ya nyumba iliyochongwa umbo la mtu, kwa hiyo huwa na alama za viungo vya ujenzi. Kuna pia vijiko vya pakko ambavyo mpini wake ni mtu mdogo, na vikikatwa mpini huo vikapachikwa kwenye kibao huuzwa kama "bulul ndogo". Ukiona sanamu ya sentimita 10 ambayo miguu yake inaishia ghafla, geuza utazame palipokatwa.

Bulul nyingi zina urefu wa sentimita 30 hadi 70. Husimama, magoti yamekunjwa kidogo na mikono imeshuka kwenye mapaja au magoti. Au huchutama, mikono imepishana juu ya magoti. Chini yake pana kitako kinene, mara nyingi kimebanwa katikati kama kinu cha kutwangia, na kitako hicho hutoka kwenye gogo lile lile la sanamu. Uso ni wa mistari michache. Macho wakati mwingine hutiwa kombe au shanga. Kushika bakuli peke yake si dosari, zipo za zamani zinazoshika. Lakini bulul yenye misuli ya mwanamasumbwi, au iliyoshika kisahani cha majivu ya sigara, ilichongwa kwa ajili ya mtalii. Hakuna ubaya wowote, ilimradi bei yake iwe ya kitu cha mtalii.

Vifaa

Tochi yenye mwanga mwembamba, lenzi ya kukuza mara 10, futi kamba, mizani, karatasi nyeupe, brashi laini ya manyoya, glavu za mpira na kamera. Ukipata taa ya miale ya urujuanimno (UV), vizuri zaidi. Glavu si mapambo: makusanyo mengi ya zamani ya Ulaya na Marekani yalinyunyiziwa aseniki na baadaye DDT dhidi ya wadudu, na sumu hizo huenda bado zipo juu ya mbao. Usinuse kwa kugusisha pua, na usile kitu mpaka unawe.

Nyanyua kwa mikono miwili, mmoja chini ya kitako, mwingine mgongoni. Usishike kichwa, wala mikono iliyochongwa ikiachana na mwili, kwani nyuzi za mbao hapo ni fupi na hukatika bila onyo. Tandika taulo mezani kabla hujailaza.

Anza kitakoni, si usoni

Uso ndio unaochongwa kwa ustadi ili ununue. Kitako hakijali mtu.

Laza sanamu, mulika tochi kutoka ubavuni ili mwanga upite sambamba na mbao. Tafuta mambo haya. Nyuzi za mbao zitoke kichwani mpaka kitakoni bila kukatizwa. Zikibadilisha mwelekeo penye miguu, kitako kimeunganishwa kwa gundi. Alama za zana ziwe mikato mifupi isiyolingana ya panga, tezo na kisu. Mistari sambamba iliyonyooka ni msumeno wa injini, na mikwaruzo midogo ya mwelekeo mmoja ni msasa. Kingo za chini ziwe zimelika kwa kusogezwa sakafuni, tena zaidi upande mmoja, kwa sababu sanamu husogezwa jinsi mkono wa mtu unavyoipata, haizungushwi kama gurudumu. Kitako kilicholika sawasawa pande zote kimepigwa msasa.

Halafu tazama kama chini kabisa kumepakwa rangi ile ile nyeusi ya juu. Damu humwagwa kutoka juu. Hupiga kichwani, hushuka mabegani, hutiririka kifuani na mgongoni, nyingine ikanasa kwenye mikono. Chini ya kitako haifiki, labda itambae kidogo pembeni. Sanamu iliyo nyeusi kote, mpaka chini inakokalia, ilichovywa.

Ukoko wenyewe

Ukoko wa kweli una tabaka, na hauko sawa mahali pote. Penye kushikwa, yaani utosini, mabegani na magotini, huwa mwembamba na unang'aa kama mpini wa jembe la zamani. Penye vificho, chini ya kidevu, kati ya mkono na kifua, nyuma ya magoti, huwa mnene, umepasuka vipande vidogo kama tope la mto uliokauka. Ukitazama kwa lenzi kwenye ukingo wa kipande kilichobanduka, utaona mistari: nyeusi, kahawia, nyeusi tena, na punje za vumbi au makapi ya mpunga zilizonaswa katikati.

Wa kughushi kwa kawaida ni tabaka moja. Hutengenezwa kwa masizi na mafuta, oili chafu ya gari, kiwi ya viatu, au damu halisi ya nguruwe iliyopakwa siku tatu mfululizo kisha sanamu ikaning'inizwa juu ya moto. Hili la mwisho ndilo gumu zaidi, kwa sababu malighafi ni zile zile. Kinachokosekana ni mchubuko: bandia nyingi zina ukoko mnene utosini na magotini, mahali ambapo mikono ya miaka mingi ingekuwa imeusaga.

Harufu husaidia. Moshi wa kuni wa siku nyingi ni mpole, unausikia ukiwa karibu tu. Harufu kali ya mafuta ya taa, oili au dawa ya viatu inayojaza chumba ni ya juzi. Chini ya taa ya urujuanimno, gundi na vanishi nyingi za kisasa hung'aa, na nta ya kiwi huonekana kama ukungu uliosambaa. Ukoko wa damu na masizi hubaki giza.

Kuna jaribio la pamba iliyoloweshwa maji, ambalo wauzaji hulipenda: eti isipochafuka, sanamu ni ya kale. Usilifanye. Damu iliyokauka ni protini, hunywa maji, huvimba, na ikikauka tena huachana na mbao. Jaribio hilo huharibu bulul ya kweli na kuiacha salama ile iliyopakwa vanishi.

Nyufa na dumuzi

Gogo likichongwa pamoja na kiini chake, litapasuka. Mbao husinyaa zaidi kuzunguka gogo kuliko kuelekea kiini. Ufa si tatizo, bali ni shahidi. Mulika ndani yake. Ufa wa zamani una midomo iliyolainika, na ndani kuna vumbi, grisi na masizi. Ufa mpya una midomo mikali na ndani mbao ni safi. Ufa ambao ndani umepakwa rangi sawasawa kama nje unaonyesha kwamba mbao ilipasuka kwanza, ikapakwa baadaye.

Matundu ya dumuzi wa mbao, wengine humwita bungua, ni ya kipenyo cha milimita 1 hadi 2. Kuna mambo matatu ya kutazama. La kwanza ni mahali: katika narra, dumuzi hupenda sehemu nyeupe ya nje ya gogo, kiini chekundu hukiogopa, hivyo matundu hujikusanya upande mmoja. Matundu yaliyotapakaa kote kama vipele yametobolewa kwa drili. Pili, chomeka unywele mgumu wa brashi. Njia ya mdudu hupinda papo hapo. Ya drili hunyooka mpaka mwisho.

La tatu ndilo linalonasa bandia nzuri. Dumuzi hutoboa kutoka ndani kwenda nje, kwa hiyo juu ya mbao huonekana tundu la mviringo tu. Ukikuta vijia vyake vimelala wazi juu ya uso, kama mifereji midogo iliyopasuliwa nusu, maana yake kisu kilipita baada ya mdudu. Mbao ni kuukuu, pengine nguzo ya nyumba au kinu kilichotupwa, lakini uchongaji ni mpya. Muuzaji wa sanamu ya namna hiyo akikuonyesha majibu ya kipimo cha kaboni yanayosema mbao ina miaka 200, majibu yanaweza kuwa ya kweli na sanamu ikawa ya mwaka jana.

Mbao

Bulul zinazothaminiwa zaidi ni za narra, Pterocarpus indicus, mti wa taifa wa Ufilipino tangu 1934. Kwa msomaji wa Tanzania au Kenya, huyu ni ndugu wa mninga, Pterocarpus angolensis: ana wekundu au udhahabu ule ule, na hutoa harufu nzuri anapokatwa. Narra ina sifa moja ya ajabu inayoweza kupimwa nyumbani. Tia vipande vichache vya kiini chake kwenye glasi ya maji safi, iache kwa saa chache, kisha iweke juani mbele ya kitambaa cheusi. Maji yatatoa mng'ao wa buluu. Fanya hivyo kwa mabaki ya uchongaji mpya tu. Sanamu ya zamani haikwanguliwi.

Mbao nyingine pia zilitumika, kwa hiyo kutokuwa narra hakuifanyi sanamu kuwa bandia. Lakini mbao nyepesi, nyeupe ndani ya mchubuko, iliyofunikwa weusi mzito, iulizie mara mbili.

Jozi

Bulul huchongwa mara nyingi wawili, mume na mke, na hurithiwa kama mali nyingine za ukoo. Biashara huzitenganisha, kisha biashara hiyo hiyo huunganisha wasiojuana ili bei ipande. Zisimamishe bega kwa bega. Jozi ya kweli hulingana namna macho yalivyokatwa, umbo la kitako na mpito wa shingo kuingia mabegani. Hayo ni mazoea ya mkono wa mchongaji. Urefu unaweza kutofautiana kidogo. Ukoko nao ulingane, kwa kuwa zilikula damu ya mavuno mamoja. Mmoja akiwa na ukoko mnene na mwenzake mwembamba, walilala maghala tofauti.

Karatasi

Sanamu inaweza kupita vipimo vyote hapo juu na bado usistahili kuinunua. Bulul ya kweli ilikuwa na ghala, na ghala lilikuwa na wenyewe. Uliza ilitoka wapi: Banaue, Hungduan, Mayoyao, Kiangan? Kwa ukoo gani, aliuza nani, na iliondoka Ufilipino mwaka gani? Jibu la "mkusanyo wa zamani wa Ulaya" bila jina, risiti wala picha si jibu. Watu wa pwani ya Kenya wanaujua mchezo huu: vigango, yaani nguzo za mbao ambazo Wamijikenda husimamisha kuwakumbuka wafu, viling'olewa usiku, vikaishia kwenye majumba ya makumbusho ya Marekani, na kuvirudisha kumechukua miaka mingi.

Sheria ya Ufilipino inayolinda mali za utamaduni, Republic Act 10066, ilitiwa saini 2010, na kabla yake kulikuwa na sheria ya 1966. Kitu cha kale hakitoki nchini bila kibali. Hata kwa kilichochongwa jana, omba hati kutoka National Museum of the Philippines inayothibitisha kwamba si mali iliyolindwa, maana afisa wa uwanja wa ndege hana muda wa kutazama matundu ya dumuzi. Risiti yenye jina la mchongaji na mwaka husaidia sana.

Utunzaji

Ikifika, usifungue boksi siku hiyo hiyo. Liache chumbani itakapokaa, wiki mbili, mbao izoee hewa polepole. Sanamu iliyotoka milima yenye mvua ikaingia ghafla kwenye nyumba ya Ulaya wakati wa baridi, hita zikiwaka na unyevu wa hewa umeshuka hadi asilimia 25, au kwenye chumba cha kiyoyozi Dubai, hupasuka kwa sauti unayoisikia kutoka chumba cha pili. Lengo ni unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Mombasa au Zanzibar lengo hilo ni ndoto. Shikilia usizidi 65, kwani juu ya hapo kuvu huanza kuota, na usiwashe kiyoyozi mchana ukakizima usiku. Kupanda na kushuka kila siku kunaumiza mbao kuliko unyevu wa juu uliotulia.

Kwa vumbi: brashi laini mkono mmoja, mashine ya kufyonza mkono mwingine, nguvu yake ikiwa ya chini kabisa na mdomo umefungwa kwa kipande cha chandarua. Sogeza vumbi kwa brashi kuelekea mdomoni, mdomo wenyewe usiguse sanamu. Mara moja au mbili kwa mwaka inatosha. Hakuna maji, hakuna sabuni, hakuna mafuta ya nazi "ili ing'ae". Mafuta hunasa vumbi, hulisha kuvu, na hubadilisha rangi ya ukoko milele.

Ukiona unga laini umeanguka chini ya sanamu, uondoe, weka karatasi nyeupe chini yake, na tazama tena baada ya wiki. Unga mpya ukidondoka juu ya karatasi, dumuzi yuko kazini. Dawa yake ni baridi. Ifunge sanamu kwa karatasi laini, uitie ndani ya mfuko wa nailoni nzito, toa hewa, ziba kwa utepe wa gundi. Kwenye friza ya nyumbani ya nyuzi −18 iache wiki mbili. Kwenye friza ya −30, siku tatu. Ukiitoa, usifungue mfuko kwa saa 24. Ukifungua mapema, unyevu wa chumba hugeuka maji juu ya ukoko, na umefanya jaribio la pamba kwa mwili mzima. Sanamu yenye macho ya kombe, au ambayo ukoko wake tayari unabanduka, usiigandishe. Hiyo ni ya kutiwa kwenye mfuko usio na oksijeni kwa wiki tatu au nne, kazi ya maabara ya makumbusho.

Vipande vya ukoko vikidondoka, viokote, vitie kwenye bahasha, andika tarehe na mahali vilipotoka. Usitumie supaglu. Hugeuka ngumu kuliko ukoko wenyewe, na kipande hicho kikibanduka tena huondoka na mbao.

Kitako kisichokaa sawa kitulize kwa kijigodoro chembamba cha sponji ngumu. Kutoboa kitako na kupachika chuma ili sanamu isimame wima kwenye rafu ni tabia ya madukani, na tundu hilo halizibiki. Weka mbali na dirisha na taa za joto.

Ukitaka mpya

Njia isiyo na lawama ni kuagiza kwa mchongaji. Wako Hapao na Banaue, na Waifugao waliohamia Asin Road nje ya jiji la Baguio. Narra kukatwa huhitaji kibali, hivyo uliza mbao imetoka wapi, au kubali mbao nyingine. Mfenesi huchongeka vizuri. Omba gogo lipakwe nta kwenye ncha zote mbili na likaushwe kivulini kabla ya kuchongwa. Likichongwa bichi litapasuka uso katikati, tena ukiwa umeshalipa. Mwambie asipake weusi wowote. Na chini ya kitako achome jina lake na mwaka, kwa herufi za kina kiasi cha milimita 3, ili atakayeirithi asije akaiuza kuwa ya babu wa mtu.